Saa Sifuri

Daftari lenyewe ni la kurasa sitini na nne, jalada la buluu, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Mama Eliya alinipa siku ya tatu ya msiba wa mumewe, pale kwao mtaa wa Kikuyu, tukiwa tumekaa mkekani chumba cha ndani pamoja na wanawake waliokuwa wakichambua mchele. Alilitoa chini ya mto. "Fundi alisema hili ni lako," akaniambia. "Alisema usipokuja kumzika, nilichome." Nilicheka kidogo, kwa sababu hivyo ndivyo Fundi Gabrieli alivyozungumza, kisha nikaona wenzangu wananitazama nikainamisha uso. Nilipolifungua nikakuta mwandiko wangu wa ujana, herufi kubwa zilizokaa mbali mbali kama miche ya mtama, na pembeni alama ya kidole iliyoachwa na vanishi. Vanishi hiyo ilikauka miaka mingi iliyopita, haina harufu tena. Lakini nilipokiona kile kidole niliisikia, na nikawa nimerudi kwenye karakana yake ya Kizota.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nasuka mota kwenye karakana ya Fundi. Kusuka mota ni kazi ya kuhesabu. Mota ikiungua unatoa waya wake wote, unahesabu ulikuwa umezungushwa mara ngapi, kisha unazungusha waya mpya mara hizohizo. Ukikosea mizunguko miwili mota haitakataa kuzunguka. Itazunguka, lakini itapata joto, na baada ya mwezi itarudishwa mlangoni kwako ikiwa nyeusi. Fundi alinifundisha kwamba mkono uzungushe, kinywa kihesabu, na kila mizunguko kumi niiandike kwenye daftari kabla ya kuendelea. Shuleni niliishia darasa la saba, na mwalimu alikuwa akifuta ubao kabla sijafika katikati ya alichoandika. Karakanani hakuna aliyefuta kitu. Niliandika kwa mwendo wangu, na kwa kuwa kinywa kilikuwa na kazi ya kuhesabu, hakuna aliyeniuliza kwa nini siongei. Hilo lilinifaa sana. Mpaka leo nikiwa na jambo la kuwaambia watu zaidi ya watatu, kwanza nalihesabu kimoyomoyo.

Karakana ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha mabati, chenye moto wa kulehemu, mota zilizofumuliwa, na Shabani, mchomeleaji, aliyezungumza kwa niaba yetu sote. Cha nyuma tulikiita chumba cha baridi, ingawa hakikuwa na baridi yoyote, ila tu kilikuwa na dari na pazia la kuzuia vumbi. Humo ndimo ilimokaa kompyuta ya zamani, nzito, yenye kioo kilichotokeza nyuma kama kichogo. Iliachwa na watu wa mradi wa visima walioondoka zamani. Fundi hakuruhusu mtu aweke hata kikombe cha chai juu yake. Ndani yake mlikuwa na programu moja isiyopatikana kwenye kompyuta nyingine: kompaila ya chipu za kizamani zilizokuwa kwenye visanduku vya kuongozea pampu. Kompaila inachukua maandishi ya fundi na kuyageuza kuwa namba ambazo chipu inazielewa. Sisi tuliiita kinu, unatia nafaka unatoa unga. Na kinu hicho kilikuwa na ufunguo, kidude cha plastiki kama kiberiti kilichochomekwa nyuma ya kompyuta. Ukikihamishia kwenye kompyuta mpya hakina hata mahali pa kuingia. Kwa hiyo kompyuta ile ikifa, kinu kimekufa nayo, na kila kisima chenye chipu ya aina ile kinasubiri siku yake.

Mzee Hamisi alifika Jumatatu, mwishoni mwa kiangazi, upepo ukiwa mwekundu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji katika kijiji kimoja upande wa Chemba, kijiji alichozaliwa Fundi. Wiki mbili nyuma pampu yao ya sola ilikuwa imeungua pamoja na kisanduku chake. Pampu waliituma mapema, na mota yake niliisuka mimi, mizunguko yote ipo kwenye daftari hili. Sasa alikuja kuchukua vyote viwili. Fundi alimsalimia kwa lugha yao, ile yenye midoko ya ulimi, nikasikia maneno yanagonga kama mtu anayevunja njugu, halafu wakahamia Kiswahili kwa ajili yetu. "Mota tayari, mzee wangu," Fundi alisema. "Kisanduku nimepata bodi ya akiba ya aina ileile, ila chipu yake ni tupu. Programu nimeandika upya. Imebaki kuisaga tu. Kesho unaondoka nayo."

"Kesho hakuna gari," alisema Mzee Hamisi. "Gari letu ni Alhamisi, saa nane, Majengo. Likiniacha, mpaka Alhamisi nyingine."

"Basi Alhamisi ni mbali sana. Utatuchoka."

Mchana tulikula ugali wa uwele na mlenda. Nilimnawisha mzee mikono. Nilipoanza kumimina, maji hayajafika kwenye vifundo, aliinua kiganja kunizuia, akasugua kile kidogo mpaka kikakauka mkononi.  Baadaye ndipo alipomweleza Fundi, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa. Wanawake wanaondoka kungali giza kwenda korongoni kuchimba mchanga watafute maji. Mashimo sasa yana kina cha kumfunika mtu. Juzi moja liliporomoka likamfukia mama mmoja hadi kifuani, wakamfukua kwa mikono. "Huyo tulimwahi," alisema. Shabani, ambaye alikuwa na mzaha kwa kila jambo, alitazama sahani yake. Tangu hapo sote tulijua tunachokimbizana nacho.

Fundi alikwenda chumba cha baridi, akabonyeza, kinu kikaanza kusaga. Kompyuta ile ilikuwa ya polepole, ungeweza kusikia inavyokoroma. Halafu ikanyamaza. Kwenye kioo yakatokea maneno mawili ya Kiingereza na namba ndefu. Hayakutaja mstari wala neno.

"Inasema nini?" Shabani aliuliza kutoka kwenye pazia.

"Kasoro ya ndani," Fundi alisema.

"Kama ndoa ya mjomba wangu."

Fundi hakucheka. Alibonyeza tena, ikafa tena. Alikuwa na kompyuta ndogo ya kisasa, ya kukunja, na siku iliyotangulia aliyapitisha maandishi yaleyale kwenye kompaila yake. Isingeweza kutoa unga wa chipu ya zamani, lakini ingeweza kumwambia kama ameandika sawasawa. Iliyapokea. Ilitoa onyo moja likapita juu pamoja na maandishi mengine, naye hakulisimamisha. Kwa hiyo hoja yake ilikuwa fupi: maandishi ni mazima, kompyuta ndiyo mgonjwa. Hakuna aliyeweza kumpinga. Kompyuta yenyewe ilikuwa na umri karibu na wangu.

Siku ya Jumanne Fundi alitoa vumbi. Alifungua ubavu wa kompyuta, akapuliza, akasugua meno ya memori kwa kifutio cha penseli, akaifunga. Ikafa. Akabadilisha memori kwa nyingine aliyotumiwa kutoka Majengo. Ikafa. Akaleta feni ya mezani akaielekeza ndani. Ikafa. Kila alipobonyeza aliniita nikae karibu niandike, maana mkono wake ulikuwa na kazi. Nami niliandika kama ninavyoandika mizunguko: saa ngapi, amebadilisha nini, imekuwaje. Na kinywa changu, kwa kuwa kilizoea, kilihesabu. Tangu anapobonyeza hadi mkoromo unapokatika. Sikuambiwa nihesabu. Ningekuwa nasuka ningehesabu, na pale pia kulikuwa na kitu kinachozunguka.

Jumatano Fundi aliacha kusema na watu. Mzee Hamisi alikaa kwenye benchi la nje, mgongo kwenye bati, akitazama barabara. Kila nilipopita nilisema, "Shikamoo mzee," kama vile hatujaonana asubuhi ileile, naye kila mara alijibu, "Marahaba binti," bila kuchoka. Mara moja aliongeza, "Hiyo mashine ya ndani, na yenyewe inaungua?" Nikasema, "Hapana." Akasema, "Basi ina nini?" Nikasema sijui. Hayo ndiyo mazungumzo marefu niliyofanya siku ile. Ndani nilimsikia Fundi akiisemesha kompyuta kwa lugha yao, kwanza kwa kuibembeleza, baadaye midoko ikawa mikali.

Sasa mimi mwenyewe nina karakana na ninafundisha wasichana wawili, na najua jinsi fundi anavyokwama. Anakwama si kwa sababu hajui. Anakwama kwa sababu ameshasema kwa kinywa chake ugonjwa uko wapi, na mteja amesikia. Kila alichofanya Fundi baada ya Jumatatu kilikuwa ni kutafuta ushahidi wa neno alilokwisha kulisema.

Alhamisi asubuhi nilimkuta amelaza kompyuta ubavu mezani, matumbo nje, na chuma cha kulehemu kinafuka moshi. "Kuna kapasita mbili zimevimba kwenye bodi kubwa," alimwambia Shabani. "Nazitoa."

"Fundi, zikikataa je?"

"Zikikataa, basi."

"Na kinu?"

Fundi alipuliza ncha ya chuma. "Nimesema basi."

Nilikuwa nimesimama kwenye pazia na daftari. Nilitazama zile kapasita. Zilivimba kweli, lakini hata mota zangu zina alama za uzee na zinafanya kazi. Nikatazama ukurasa wangu. Kulikuwa na majaribio kumi na manne, na pembeni mwa kila moja, kwa penseli, hesabu yangu. Thelathini na moja. Thelathini na moja. Thelathini na moja. Kwa vumbi na bila vumbi, memori ya zamani na mpya, kwa feni na bila feni, asubuhi kompyuta ikiwa ya baridi, alasiri ikiwa ya moto. Mota mgonjwa haifi hivyo. Mota mgonjwa leo inakwama mapema, kesho inachelewa, inategemea joto. Hii ilikuwa inafika mahali fulani, na ikifika hapo inakufa.

Nilitaka kuyasema hayo. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo, na chuma kilikuwa kinashuka. Basi nikalifungua daftari nikaliweka juu ya ile bodi, kati ya chuma na kapasita.

"We," alisema Fundi, akakirudisha chuma nyuma. "Unataka kuungua?" Kisha akaona zile namba. "Nini hii?"

"Nilihesabu."

"Umehesabu nini?"

"Mpaka inapokufa."

Alisoma ukurasa wote, kidole kikishuka polepole. Shabani alikuja akachungulia begani kwake. "Kumbe kinu kizima," alisema Shabani. "Kuna punje ndiyo mbaya." Fundi alichomoa chuma kwenye umeme. Aliketi, akajifuta uso kwa mkono mzima, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

Tukaanza kuitafuta punje. Njia yake ni rahisi na inachosha: unaficha nusu ya maandishi, unasaga nusu iliyobaki. Kikifa, punje iko humo. Kisipokufa, iko kwenye nusu uliyoficha. Kisha unaigawa nusu hiyo tena. Fundi alibonyeza, mimi nikahesabu kwa sauti, kwa kuwa sasa aliniomba. Shabani aliacha kuchomelea akasimama kwenye pazia. Mzee Hamisi naye aliingia, akavua kofia. Hesabu ikapungua, kumi na tisa, kumi na moja, sita, mpaka ikabaki orodha moja fupi, kisha mstari mmoja.

Orodha ile ilikuwa ya mapumziko. Pampu ya sola haiwezi kusukuma mfululizo asubuhi, jua likiwa changa. Inasukuma dakika kumi, inapumzika, na kadiri jua linavyopanda mapumziko yanapungua. Fundi alikuwa ameliandika jambo hilo kwa njia niliyoiona nzuri tangu aliponieleza: chukua dakika sitini, gawa kwa saa. Saa moja asubuhi, pumzika sitini. Saa mbili, thelathini. Saa tatu, ishirini. Saa nne, kumi na tano. Saa zetu zinaanza kuhesabu jua linapochomoza, kwa hiyo namba ya saa ndiyo umri wa jua. Alasiri aliugeuza mpango uwe kinyume, na jioni pampu ingezimwa. Ila chipu inasoma saa za kizungu. Kwa hiyo kila mstari ulichukua saa ya kizungu, ukatoa sita. Saba toa sita, saa moja. Nane toa sita, saa mbili. Mstari uliobaki kwenye kioo ulikuwa wa kwanza kabisa, wa alfajiri.

"Soma," Fundi aliniambia.

Nilisoma kama ninavyosoma, neno kwa neno. "Sitini, gawa kwa, sita toa sita." Nikatoa kimoyomoyo. Kisha nikasema, "Saa sifuri."

"Saa ngapi?" aliuliza Mzee Hamisi.

"Sifuri, mzee."

"Ndiyo saa gani hiyo?"

Fundi alianza kucheka, kicheko cha mtu asiyelala. Kinu cha zamani kilijifanyia hesabu mapema ili kuirahisishia chipu kazi. Kilipofika hapo kiliambiwa kigawe sitini kwa sifuri, na hakuna aliyekifundisha kukataa kwa adabu. Kikafa. Kompyuta ya kisasa iliona, ikatoa onyo, ikaendelea. Maisha yetu yote hakuna kati yetu aliyewahi kutamka saa sifuri, lakini Fundi aliiandika, kwa kuwa alifikiri kwa Kiswahili na kutoa sita kwa Kizungu.

"Wewe saa hiyo unaiitaje?" aliniuliza.

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili," akarudia, akaandika 12 mahali pa sita toa sita. Akabonyeza. Nikahesabu. Thelathini, thelathini na moja, thelathini na mbili. Shabani akashika kichwa. Hamsini na nane, unga ukatoka.

Saa sita na nusu chipu ilikuwa kwenye kisanduku. Mzee Hamisi alishika mkono wa Fundi kwa mikono yake miwili, kisha wa Shabani, kisha wangu, akapakia pampu na kisanduku kwenye bajaji na kwenda Majengo. Fundi alijilaza kwenye benchi la nje akalala hapohapo, viatu miguuni. Shabani alikwenda msikitini. Mimi nikaketi kunakili, maana kila kazi iliyotoka ilinakiliwa kwenye daftari. Nikaandika orodha ya mapumziko mstari kwa mstari, na kwa kuwa naandika polepole niliifanya kila hesabu. Saa kumi na mbili asubuhi: sitini gawa kwa kumi na mbili. Tano.

Niliifuta nikaifanya tena. Tano. Saa moja, pumziko ni dakika sitini. Saa kumi na mbili, jua likiwa halijaonekana vizuri, pumziko dakika tano. Nilikuwa nimempa Fundi jina sahihi la saa, na namba hiyo hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwa jua. Pampu ingeamka alfajiri, ivute bila nguvu, ikwame, ipumzike dakika tano, ivute tena. Mota isiyozunguka ikipewa umeme inakuwa pasi. Niliziona nyaya zangu, mizunguko yangu yote, zikibadilika rangi ndani ya kisima. Na kijijini wangejua baada ya siku mbili au tatu, na gari ni la Alhamisi.

Nilisimama mbele ya Fundi. Nikasema, "Fundi." Hata mimi sikujisikia. Alikuwa amefungua kinywa, vumbi limekaa kwenye nyusi. Nikasema tena. Kisha nikaitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa saba na dakika arobaini, nikatoka nikakimbia hadi kwenye bodaboda.

Gari lilikuwa Fuso, limepakiwa magunia, ndoo, magodoro na watu juu yake. Injini ilikuwa inaunguruma. Mzee Hamisi alikuwa amekaa juu kabisa, kisanduku mapajani kama mtoto. Nilisimama chini nikamwita, hakusikia. Mwanamke mmoja aliyekuwa pembezoni alinitazama akasema, "Binti, unamtaka nani huku juu? Hawa wote wana wake." Watu wakacheka. Kijana mmoja akaongeza, "Mwacheni, huenda ana mahari." Wakacheka zaidi, na masikio yangu yakawa moto. Nilihesabu. Nilifika nne, gari likatikisika, nikaacha kuhesabu.

"Mzee Hamisi," nilipaza sauti. "Usiwashe kabla ya saa moja."

Aligeuka. Kicheko kikapungua. "Saa moja ya jioni?"

"Ya asubuhi. Jioni zima kabisa, na asubuhi usiwashe mpaka saa moja iishe kugonga. Hata kama jua limetoka."

"Kwa nini?"

Ningemwelezaje kuhusu kugawa, pale, na watu wale? "Jua litakuwa changa," nikasema. "Mota itaungua. Niliisuka mimi."

Aliniinamia. Alinitazama kwa muda, gari likiwa limeanza kusogea kidogokidogo, nami nikitembea nalo. "Fundi ndiye amesema?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Angekubali mara moja. Lakini nilifikiri kwamba nikisema ndiyo, na siku moja akamuuliza, mimi na mota na kisima tutakuwa waongo pamoja. "Hapana," nikasema. "Nimesema mimi."

 Kama alijibu, injini ilimmeza. Nilimwona tu akimgeukia aliyekaa jirani yake na kusema kitu kwa lugha yao, na katikati ya midoko nikasikia, au nilitaka kusikia, saa moja.

Sikumwambia Fundi. Wiki nzima niliingia karakanani nikihesabu siku. Nilisuka mota mbili, nikakosea mizunguko katika zote, nikafumua. Fundi alikuwa na furaha, alikuwa akimweleza kila mteja habari za saa sifuri, na kila alipofika mwisho alininyooshea kidole: "Na huyu ndiye aliyeniambia kumi na mbili." Wateja walinisifu. Nilitaka ardhi ya Kizota inimeze.

Alhamisi iliyofuata, utingo wa lile Fuso alikuja na chupa ya plastiki, maji ndani yake yakiwa meupe kama hakuna kitu. "Mzee Hamisi anawasalimu," alimwambia Fundi. "Amesema mwonje. Amesema tena pampu inawashwa saa moja kama mlivyoagiza, haijasumbua."

Fundi aliipokea chupa. "Nani aliagiza saa moja?"

Shabani akanitazama, utingo akanitazama. Nilikwenda kuchukua daftari nikalifungua kwenye ile tano.  Fundi alichukua kalamu nyekundu mfukoni, akaizungushia duara. Duara hilo lipo, limefifia likawa la rangi ya matofali.

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Nilikuita."

"Uliniita kwa sauti gani?"

"Hii."

Alitingisha kichwa, akafungua chupa, akanywa, akanipa. Yalikuwa na ladha ya plastiki na jua. "Ikirudi tutarekebisha," alisema. Haikurudi. Kompyuta ya zamani ndiyo iliyotangulia, mwaka uliofuata, kwa zile kapasita mbili, na baada yake hata tungetaka kurekebisha tusingeweza.

Siku ileile niliyopewa daftari, mchana, walifika watu wa kijijini kwa Fundi. Niliwapelekea maji ya kunawa uani. Walikuwa wanne, na mmoja wao, kijana aitwaye Idrisa, alijitambulisha kuwa mjukuu wa Mzee Hamisi, ambaye naye amekwisha kutangulia. Aliomba radhi kwa kuchelewa. "Tungeondoka alfajiri, shangazi, ila mimi ndiye mwenye ufunguo wa pampu. Na kwetu pampu haiwashwi kabla ya saa moja."

Niliweka birika chini. "Kwa nini?"

"Ndiyo sheria. Aliiweka babu." Mwenzake alisema yeye alisikia ni kwa sababu maji ya chini hayajaamka. Mwingine akasema hapana, ni mwiko wa fundi aliyeitengeneza, ukiuvunja kisima kinakauka. Wakabishana kidogo, kwa lugha yao.

"Ni pampu ileile?" niliuliza.

"Ile? Ilitolewa. Tuna mpya, huu mwaka wa tatu, na kisanduku kipya, kila kitu."

"Basi hiyo mnaweza kuiwasha hata saa kumi na mbili. Haina ubaya."

Idrisa alifikiri, mikono yake ikiwa bado inadondosha maji juu ya beseni. Alinawa bila haraka, aliacha maji yatiririke. "Shangazi, niende nikawaambie akina mama waje saa kumi na mbili? Watanipiga. Bibi zao waliamka usiku kwenda korongoni. Hawa wanalala mpaka kuche, wanawaandaa watoto, ndipo wanakuja. Hiyo saa moja wanaipenda kuliko maji yenyewe."

"Basi iacheni," nikasema.

Nikampa taulo. Alijifuta, kisha akanitazama vizuri, kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. "Lakini wewe umejuaje kwamba hiyo saa moja ilikuwa ya pampu ile ya zamani?"

Uani kulikuwa na watu zaidi ya ishirini. Daftari lilikuwa kwapani. Sikuhesabu.

"Nilisema mimi," nikamwambia.